Kwa Nini Maelekezo Sahihi Bado Hutupoteza

Siku chache kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, majirani zangu wawili hapa Umoja, Nairobi, walikaa gizani ilhali tokeni za stima walikuwa wameshanunua. Simu zao zilikuwa na ujumbe wenye safu tatu za namba, kila safu tarakimu 20, badala ya safu moja waliyoizoea. Mmoja alijaribu kuziingiza tarakimu zote sitini kwa mkupuo, mita ikakataa. Mwingine aliona safu mbili za kwanza zimekuja kwa bahati mbaya, akaziruka, akaingiza ya tatu. Mita ikakataa vilevile. Kwenye kundi la WhatsApp la jengo letu kulikuwa na maelezo ambayo mtu alikuwa ameyatunga na kuyasambaza kwa nia njema: "Wateja wote wanafahamishwa kuwa ununuzi wa tokeni utaambatana na utoaji wa namba tatu ambazo zinapaswa kuingizwa kwenye mita ili kufanikisha usasishaji wake kabla ya tarehe iliyowekwa."

Hakuna uongo katika sentensi hiyo. Sarufi yake haina doa. Na nyumba mbili zililala bila taa.

Kilichokuwa kikiendelea ni hiki. Wakati huo kila tokeni ya mita hizi za kulipia kabla ilibeba alama ya wakati: idadi ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kuhifadhi hesabu hiyo inatosha dakika zisizofika milioni 17, na hesabu hiyo ilikuwa ikomee 24 Novemba 2024. Ni kama kile kihesabu cha kilomita kwenye dashibodi ya matatu ya zamani, kikishajaa tisa kila mahali hurudi sifuri. Basi mita zilipaswa kuambiwa kwamba hesabu inaanza upya. Safu mbili za kwanza ndizo zilizobeba habari hiyo, ya tatu ndiyo iliyobeba stima yenyewe. Ukiruka mbili za kwanza, mita haiitambui ya tatu.

Nilichukua karatasi nikaandika: "Utapata namba tatu. Ingiza moja moja, kwa mpangilio uliotumiwa. Ingiza ya kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, ngoja mita ikubali. Fanya hivyo kwa ya pili. Kisha ya tatu. Stima itaingia baada ya namba ya tatu, si kabla." Keyateka wa jengo akaibandika ukutani kando ya mita za ghorofa ya chini, na hakuna aliyenigongea mlango tena kwa ajili ya tokeni.

Nasimulia haya kwa sababu kazi yangu ya kila siku ndiyo hiyo. Nahariri miongozo ya kiufundi, vile vijitabu vinavyokuja ndani ya boksi la pampu ya maji, mashine ya kusaga nafaka, jiko la umeme. Nikisema hivyo, watu wengi hudhani nasahihisha tahajia. Hata baadhi ya wanaonilipa hudhani hivyo, na ndiyo maana miongozo mingi inayofika mikononi mwetu ni sahihi na bado haitusaidii.

Tuyaweke maneno mahali pake kwanza. Mwongozo wa kiufundi ni maandishi yoyote yanayomwambia mtu afanye nini na kifaa, dawa au mtambo: kijitabu cha jiko, kibandiko kwenye transfoma, hata maandishi ya kalamu juu ya bahasha ya dawa. Uwazi ni pale msomaji anapopata maana moja tu, ile aliyoikusudia mwandishi. Utumikaji ni pale anapoweza kuipata maana hiyo kwa wakati anaoihitaji, na kuitenda kwa mikono aliyo nayo, mahali alipo. Kuhariri ni kuyapitia maandishi mpaka yote mawili yapatikane. Mwongozo unaweza kuwa wazi lakini usitumike: sentensi nzuri, ila iko ukurasa wa 11 na mchoro wake uko ukurasa wa 3, na mikono ya msomaji imejaa unga.

Fikiria mgeni anayeshuka Nairobi, kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, kwa mara ya kwanza, begi begani, akitaka kufika Tom Mboya Street. Ukimpa ramani ya jiji zima, umempa ukweli mtupu, lakini hujamsaidia. Anachohitaji ni: fuata Haile Selassie Avenue, ukifika jengo la Afya Centre pinda kulia, hapo umeingia Tom Mboya. Ukiliona lango la stesheni ya reli, umepitiliza, rudi. Tazama mambo matatu yaliyomo humo: afanye nini, atajuaje kwamba amefaulu, na atajuaje kwamba amekosea. Miongozo mingi inalo la kwanza peke yake. Sehemu kubwa ya kuhariri ni kuyatafuta hayo mawili yaliyosahaulika.

Na sarufi? Sarufi ni muhimu, lakini haitoshi, na wakati mwingine si ya kwanza. Kila mkazi wa Nairobi ameona lango lililoandikwa MBWA KALI. Mwalimu wa Kiswahili atakwambia ni "mbwa mkali", na ana haki. Ila sijawahi kusikia mtu aliyeingia kwa lango hilo kwa sababu upatanisho wa kisarufi ulimchanganya. Maneno mawili, herufi kubwa, mahali panapohitajika, kabla ya mkono kushika komeo. Upande wa pili kuna ile sentensi ya tokeni, iliyonyooka kisarufi, isiyomwambia mtu abonyeze nini. Mimi hurekebisha vyote viwili, lakini nikiwa na saa moja tu, nitaanza na ile ya tokeni.

Sasa niingie mahali ambapo watu wengi hawapatazami, ndani ya Kiswahili chenyewe. Huwa tunadhani utata uko kwenye Kiingereza, na kwamba ukishatafsiri umemaliza. Lugha yetu ina mitego yake, na mhariri asiyeijua ataiacha palepale.

Chukua sentensi hii: "Ondoa betri kwenye mashine kisha uisafishe." Usafishe nini? Betri ni ya ngeli ya I-ZI. Mashine nayo ni ya I-ZI. Ile "i" ndani ya "uisafishe" inaziangukia zote mbili sawasawa. Maneno mengi ya ufundi tuliyoyakopa, kama betri, mashine, nati, swichi, skrubu, pampu, yameingia ngeli hiyohiyo, kwa hiyo mwongozo wa Kiswahili umejaa mtego huu kuliko hadithi au habari ya gazeti. Tiba yake ni kurudia jina: "Ondoa betri kwenye mashine. Safisha mashine." Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni udhaifu wa mtindo. Katika mwongozo, rudia bila haya.

Au chukua kitenzi "funga". Funga mlango. Funga mfereji. Funga kamba. Lakini pia fundi huja "kufunga" taa, maana yake kuiweka. Basi mwambie mtu mwenye mtungi mpya wa gesi wa kilo 6: "Funga regyuleta kabla ya kuendelea." Mmoja ataibana regyuleta juu ya mtungi. Mwingine ataizima. Matendo hayo mawili yanapingana, na yote mawili yametoka kwenye neno moja lililoandikwa sahihi. Mimi huandika "pachika regyuleta juu ya mtungi" kwa lile la kwanza na "zima regyuleta" kwa la pili, na neno "funga" silitumii kabisa katika mwongozo wa gesi. Hata "plagi" ina shida hiyo: iko plagi ya ukutani na iko plagi ya injini, na katika jenereta unakuta zote mbili.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni saa. Kwa Mswahili saa mbili asubuhi ni wakati ambao Mzungu anauhesabu kuwa nane. Hilo tunalijua na tumelizoea. Ila tazama bahasha ya dawa iliyoandikwa "kila saa 8". Aliyeiandika alimaanisha mara tatu kwa siku, kila baada ya muda wa saa nane. Mgonjwa anaweza kuisoma: kila siku, saa nane, yaani mara moja, baada ya chakula cha mchana. Tofauti ni theluthi mbili ya dawa. Wapo wanaolitatua kwa kuandika "masaa" wanapomaanisha muda, na wakali wa lugha huwakemea. Sina haja ya ugomvi huo, kwa sababu njia ya wazi ipo na wazee wetu waliitumia: "kidonge kimoja, kutwa mara tatu". Kama nafasi ya dawa ni muhimu, andika nyakati zenyewe: asubuhi saa 12, mchana saa 8, usiku saa 4. Hapo mtu hahitaji kupiga hesabu akiwa na homa.

Wahandisi wa ndege waliliona tatizo la neno moja na maana nyingi zamani. Mafundi wanaokarabati ndege duniani kote husoma miongozo ya Kiingereza, na wengi wao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yaliomba Kiingereza kilichopunguzwa, na mwaka 1986 ikatoka kanuni ambayo hadi leo inaongoza uandishi huo: neno moja liwe na maana moja, sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, sentensi ya maelezo isizidi 25, na kila sentensi ya maelekezo ibebe agizo moja isipokuwa matendo mawili yanafanyika kwa wakati mmoja. Kiswahili hakina kanuni kama hiyo iliyokubaliwa na wote. Kwa hiyo kila mwongozo ninaouanza, naanza na orodha yangu: jambo hili nitaliita hivi, na sitaliita vingine hadi ukurasa wa mwisho.

Lakini kuhesabu maneno peke yake hakuokoi. Nilijifunza hilo Kayole, kwa mama mmoja anayeuza githeri.

Nilikuwa nimepewa mwongozo wa sufuria ya presha ya umeme nihariri, nikauhariri, nikaridhika nao. Kisha nikaubeba pamoja na sufuria hadi kibandani kwake. Njia ya kujaribu mwongozo ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda: mpe mtu kifaa na karatasi, mwombe asome kwa sauti na atende, halafu wewe unyamaze.

"Mama, fanya kama ilivyoandikwa. Mimi sitasema kitu."

"Na nikikosea, kijana?"

"Ukikosea, iliyokosea ni karatasi."

Alipima mahindi na maharagwe, akatia maji, akafunika, akawasha. Muda ukafika, sufuria ikalia. Akafungua ukurasa, akasoma: "Fungua kifuniko kwa kukizungusha kuelekea kushoto, mara tu baada ya kuhakikisha kwamba mvuke wote umekwisha na kipini cha usalama kimeshuka." Alipofika kwenye neno "kushoto", mkono wake wa kulia ulikuwa tayari juu ya kifuniko, unasukuma. Macho yalikuwa bado yanaelekea kwenye mvuke. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, lakini nilimshika mkono.

Hesabu maneno ya sentensi ile. Ni 20 kamili. Ingepita mtihani wa wahandisi wa ndege kwa urefu wake, na ingemwunguza mama wa watu. Ndani ya sufuria ya presha maji huchemka kwa joto linalozidi nyuzi 100, na kifuniko kikiachia kabla ya wakati, mvuke hutoka na chakula usoni. Sufuria nyingi zina kufuli la kuzuia hilo, lakini mwongozo hauandikwi kwa kutegemea kufuli.

Kosa lilikuwa mpangilio. Mkono hausubiri nukta. Mtu anayesoma huku anatenda, hutenda kila neno linapoingia, kwa hiyo sharti lazima litangulie tendo. Kama jambo B halifai kufanywa kabla ya A, neno la A liandikwe kwanza, hata kama ndimi zetu zimezoea kusema "fanya hivi baada ya vile". Nikiulizwa nichague kanuni moja tu ya kumfundisha anayeanza kazi hii, nitachagua hiyo.

Kulikuwa na la pili. Nilipomwomba atazame kipini cha usalama, alishika mkono wa sufuria. Kwa nini asiushike? Kipini kwa Kiswahili ni kishikio kidogo, kama cha kisu, au ni lile pambo la puani. Mimi nilikuwa nimetafsiri neno la mhandisi nikajiona nimefanya kazi. "Ah, hiki kichuma kidogo chekundu kinachoinuka?" aliuliza nilipomwonyesha. "Si useme kichuma." La tatu lilikuwa "kushoto". Ukizungusha kifuniko cha mviringo, upande wa mbele unakwenda kushoto na upande wa nyuma unakwenda kulia, basi kushoto ni kupi? Nilimuuliza yeye angemwelezaje binti yake. Akasema, "kama vile unafungua mtungi wa maji." Hakuna mtu Kayole asiyejua mtungi wa maji unafunguliwa vipi.

Na lilikuwepo la nne, ambalo hakuna mtihani wa lugha ungelifichua. Nakala ya kwanza ilikuwa na jedwali la muda wa kupika katika sufuria ya kawaida, la kulinganisha. Muda ule ulipimwa mahali pa chini, karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, na maji hapa huchemka kwa takriban nyuzi 94 tu. Ndiyo maana maharagwe ya Mombasa na ya Nairobi hayaivi kwa muda sawa. Jedwali lilikuwa sahihi kule lilikotoka. Hapa lilikuwa linadanganya. Ni sawa na kijitabu kinachochora plagi ya miguu miwili ya mviringo wakati soketi za Kenya ni za miguu mitatu bapa na umeme wetu ni volti 240. Mhariri lazima aulize: hili linasomwa wapi?

Mtafiti Jakob Nielsen amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kwa jaribio la namna hii hauhitaji umati. Watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo. Kwa uzoefu wangu hata mmoja hufichua yale ya kuaibisha. Siku ile moja Kayole ilinipa masahihisho manne ambayo wiki mbili mezani hazikunipa.

Hapa ndipo hujitokeza maneno ambayo nayasikia sana, na nataka kuyajibu moja kwa moja.

La kwanza: watu hawasomi miongozo, kwa nini ujisumbue? Si kweli kwamba hawasomi. Hawaanzi kusoma mwanzo hadi mwisho. Katika miaka ya 1980, John Carroll akiwa IBM aliwatazama watu wa ofisini wakijifunza kutumia kompyuta, akaona wanakiweka kitabu pembeni na kuanza kubonyeza, kisha wanakirudia wanapokwama. Jibu lake halikuwa kuwalaumu. Alikata kitabu kikawa kifupi sana, akakipanga kwa kazi wanazotaka kufanya na kwa makosa wanayoyafanya mara kwa mara, na walijifunza haraka zaidi. Jirani yangu wa tokeni hakuwa mvivu wa kusoma. Alisoma ujumbe ule mara tatu, tochi ya simu ikimulika mita.

La pili: kurahisisha ni kuwadharau wasomi. Hili huniumiza, kwa sababu huletwa kwa jina la heshima. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuthibitisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Mengine ni mepesi kiasi cha kushangaza: je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe, sehemu ya kupasuliwa imewekwa alama, kila mtu chumbani amejitambulisha. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Wasomaji wa karatasi ile walikuwa madaktari wa upasuaji. Hakuna aliyedharauliwa.

La tatu: Kiswahili hakina maneno ya kiufundi. Tembea Kirinyaga Road asubuhi moja, kule wauzaji wa spea, au Kamukunji kwa mafundi wa mabati, usikilize. Spana, bisibisi, gasketi, nati, bolti, legeza, kaza, bana, nyoosha. Watu hawa hutengeneza injini kwa Kiswahili kutwa nzima. Kinachokosekana ni waandishi wa kuyachukua maneno hayo yalivyo. Tunaenda kamusini tukarudi na "parafujo" wakati muuzaji na mnunuzi wote wanasema "skrubu". Shule zetu zilitufundisha rununu na tarakilishi, na yanafaa katika insha, lakini kwenye kijitabu naandika simu na kompyuta. Sio kwamba maneno mapya hayafai; "barua pepe" lilitungwa na leo kila mtu analisema. Lakini mwongozo si mahali pa kulijaribu neno jipya, mtu akiwa ameshika waya.

Liko pia suala la adabu, ambalo ni letu wenyewe. Mteja mmoja aliwahi kunirudishia kazi kwa sababu nilikuwa nimeandika "Zima", "Chomoa", "Ngoja". Alisema mtu mzima haamrishwi hivyo. Namwelewa, mimi mwenyewe simwambii mzee "leta maji". Lakini mwongozo ukijaa "tafadhali" arobaini, ile moja muhimu inazama. Na tukikwepa kuamuru kwa kuandika "swichi izimwe", nani azime? Katika kiwanda chenye watu wawili kwenye mtambo mmoja, kila mmoja atadhani ni mwenzake. Tulikubaliana: salamu na shukrani ukurasa wa kwanza, kisha maagizo mafupi. Heshima kubwa zaidi unayoweza kumpa msomaji ni kutomuunguza.

Neno la onyo nalo lina daraja zake. Katika viwango vya usalama vinavyotumika viwandani, neno kali zaidi limetengwa kwa jambo ambalo bila shaka litaua au kujeruhi vibaya, linalofuata kwa jambo ambalo huenda likaua, na la tatu kwa majeraha madogo. Kiswahili kinazo ngazi hizo: hatari, onyo, tahadhari. Tatizo ni kuyatumia ovyo. Nimepokea kijitabu kilichoandika HATARI juu ya kufuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha kikaandika "kumbuka" juu ya waya ulio wazi. Mtu aliyekuta hatari tisa za uongo hataiamini ya kumi.

Namba za hitilafu ni jamaa wa karibu wa jambo hilo. Kifaa kinaandika E3, unafungua mwongozo, unakuta: "E3: hitilafu ya aina ya 3." Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita huko Marekani na Kanada kwa dozi kubwa mno, na baadhi walifariki. Mzizi wa ajali zile ulikuwa ndani ya programu na usanifu wa mashine. Lakini katika baadhi ya ajali hizo skrini ilionyesha ujumbe wa hitilafu namba 54, na mwongozo wa wahudumu haukueleza namba hiyo ni nini. Mashine ilikuwa na kawaida ya kutoa hitilafu nyingi zisizo na madhara, kwa hiyo katika tukio moja mhudumu alibonyeza kitufe cha kuendelea, na mgonjwa akapigwa mara ya pili. Tangu nisome kisa hicho siruhusu namba ya hitilafu ipite mikononi mwangu bila sentensi tatu: nini kimetokea, ufanye nini sasa, na usifanye nini.

Wenye biashara huniuliza gharama. Ni swali halali. Mimi huwafungulia Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, kinachompa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa au huduma aliyoilipia, na kifungu cha 7, kinachokifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Habari isiyoeleweka na anayeilipia haijamfikia, hata ikiwa imechapishwa kwa wino wa rangi nne.

Nilirudi Kayole wiki tatu baadaye na karatasi mpya. Ukurasa wa kifuniko sasa ulisomeka: "Tazama kichuma kidogo chekundu kando ya valvu. Kikiwa juu, mvuke bado umo ndani. Usiguse kifuniko. Kikishuka, zungusha kifuniko kama unavyofungua mtungi wa maji. Kisha kiinue." Mchoro wa kichuma ulikuwa pembeni ya maneno hayohayo, ukurasa huohuo.

Mama alisoma kwa sauti. Mikono yake ilikaa kwenye aproni mpaka kichuma kikashuka. Akazungusha, akainua, mvuke mwepesi ukapanda, akachota punje chache akazibonyeza kwa vidole. Kisha akaniomba kalamu. Mahali nilipokuwa nimeandika "mchanganyiko wa mahindi na maharagwe usizidi nusu ya sufuria", akapiga mstari juu ya maneno matano ya mwanzo, kuanzia "mchanganyiko" hadi "maharagwe", akaandika juu yake "githeri".

Nakala iliyokwenda kiwandani ilikwenda hivyo.